Kutafuta Nasaba Yako Ukiwa Tanga: Anza na Mahali, Jina Lifuate

Babu yangu mzaa baba aliacha kasha la bati, na chini kabisa ya kasha kulikuwa na kadi ya kazi ya mkonge. Jina lililoandikwa pale, hakuna mtu kwetu aliyewahi kuitwa hivyo. Miaka yote tuliamini karani alikosea. Nilipoanza kufuatilia nikaambiwa na mzee mmoja aliyeishi naye kambini kwamba karani hakukosea chochote: kadi ilikuwa ya mwenzake aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha, na babu akaingia kwenye namba yake. Shamba lilitaka namba ijazwe, nani anaijaza haikuwa hoja. Watu hawakuitwa manamba bure.

Wengi wanaotaka kujua nasaba yao huanza na majina. Wanachora mti wa ukoo, wanajaza visanduku, wakifika kwa baba wa babu wanakwama. Kwa mji kama Tanga, wa waja leo waondoka leo, jina si nguzo ya kuegemea. Mtu alisilimu akapewa jina, mwingine alibatizwa misheni ya Magila akapewa jingine, kwenye mkonge akaandikwa Kazimoto kwa sababu siku hiyo mnyapara alikuwa na mzaha. Lakini mtu huyo aliishi mahali fulani, akafanya kazi mahali fulani, akazikwa mahali fulani, na majirani wa huko wanakumbuka. Ndiyo njia niliyoifuata mimi.

Kwanza, daftari

Nunua kaunta buku na penseli. Ukurasa wa kushoto andika ulichoambiwa. Wa kulia andika nani kakuambia, siku gani, mlikuwa wapi. Ukurasa wa kulia utauona kama usumbufu wiki ya kwanza. Baada ya miezi sita, wazee wawili watakapokupa habari zinazopingana, utaona thamani yake. Usifute habari ya mmoja kwa kuwa ya mwingine imekupendeza. Ziache zote mbili mpaka itokee ya tatu.

Wape watu namba, kwa sababu majina yetu yanajirudia. Kwetu wamo akina Mwanaisha wanne, kila mmoja amerithi jina la bibi yake. Utaratibu ni mwepesi: wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Namba ya baba wa mtu ni namba ya mtu huyo mara mbili. Ya mama yake ni hiyo ukiongeza moja. Kwa hiyo babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Ndugu zao waandike chini ya namba hizo kwa herufi: 4a, 4b. Usiwadharau hawa wa herufi. Mara nyingi habari ya babu yako hukaa kwa mjukuu wa ndugu yake, nyumbani kwenu haipo.

Kisha jaza unachokijua bila kumuuliza mtu. Kitakuwa kidogo kuliko ulivyodhani.

Nenda kwa wazee, ila usiende kama karani wa sensa

Hapa nilikosea vibaya. Shangazi yake mama, ambaye sisi tunamwita bibi, anakaa Ngamiani. Nilimwendea asubuhi, daftari mkononi, nikamuuliza: "Bibi, baba yako alikuwa na watoto wangapi, na majina yao?" Akanitazama kwa muda. Akasema, "Kuna shamba linauzwa?"

Alikuwa na haki. Mara ya mwisho mtu kukaa mbele yake na kuandika majina ya ukoo ilikuwa ni kikao cha mirathi, na minazi ya upande wao iliondoka katika kikao hicho. Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza, sema wazi unatafuta nini na hutafuti nini. Wajulishe na baba zako wakubwa na wadogo, ili habari isitangulie kuwafikia ikiwa imegeuka.

Mara ya pili nilikwenda baada ya alasiri, na sukari kilo mbili na majani ya chai. Nikatoa shikamoo, nikaulizia miguu yake, nikakaa mkekani kumsaidia kuchagua mchele. Daftari lilibaki kwenye mfuko. Nilichouliza ni kimoja tu: "Bibi, kitovu chako kimezikwa wapi?" Akaanza na mwembe uliokuwa uani kwao, akaja kwa mkunga aliyemzalisha mama yake, akasema mkunga huyo alikuwa nani kwa baba yake, na kabla mchele haujaisha nilikuwa na watu kumi na mmoja ambao sikuwahi kuwasikia.

Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayofungua. Jina lako ni la nani, na nani alikupa? Alipokufa fulani, nani alishuka kaburini? Mahari yako ilipokelewa na nani? Ulipokuwa mdogo ukipigwa nyumbani, ulikimbilia kwa nani? Aliyepokea mahari na aliyeshuka kaburini hawakuwa wapita njia, walisimama pale kwa undugu, na undugu huo ndio unaoutafuta.

Usiulize mwaka wa kuzaliwa. Uliza tukio. Wazee wetu wana kalenda yao: vita vya Mjerumani na Mwingereza hapa Tanga vilikuwa Novemba 1914, TANU ilianza Julai 1954, Uhuru Desemba 1961, Mapinduzi ya Unguja Januari 1964, Azimio la Arusha 1967, kuhamishiwa vijijini miaka ya katikati ya 70, vita vya Kagera 1978 na 1979. Bibi alipoulizwa kuhusu Uhuru alisema: "Nilikuwa na wa pili mgongoni, wa kwanza anakimbiakimbia, nusura nimpoteze kwenye ngoma." Tupige hesabu. Mtoto wa mgongoni mwishoni mwa 1961 kazaliwa 1960 au mwanzoni mwa 1961. Anayekimbia, tuseme 1957 au 1958. Bibi anasema aliolewa mwaka wa pili baada ya kuvunja ungo na mtoto akaja upesi, kwa hiyo alikuwa na miaka kama 16 au 17. Basi kazaliwa kati ya 1939 na 1942. Hivyo ndivyo nilivyoandika, "kati ya". Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1935, na tarehe moja Januari kwenye vitambulisho vya wazee maana yake ni kwamba mwandikishaji naye hakujua.

Wanawake waulize ndoa, uzazi na nani kanyonya kwa nani. Wanaume waulize mashamba, mipaka na safari. Kama kwenu ni Wadigo, nenda kwa wajomba mapema, maana zamani urithi ulipita upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kuliko baba. Na kuna mtu mmoja ambaye watafutaji wengi wanamsahau: mtani. Msibani yeye ndiye anayeruhusiwa kusema kwamba marehemu alikuwa bahili, na kwamba babu yake alikimbia deni huko alikotoka. Watu wanacheka, nawe andika. Mtani hana aibu ya ukoo wenu, kwa hiyo haifichi.

Ukirekodi kwa simu, omba ruhusa, na usiku huohuo tuma nakala kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa na saa mbili za sauti ya mama yake mkubwa baba, simu ikadondoka majini pale feri ya Pangani. Mama mkubwa alikuwa keshafariki.

Kuna mambo mtu atakuambia, na mengine atakunyamazia. Pwani yetu imepitia utumwa, na neno mzalia, yaani mtoto wa mtumwa aliyezaliwa hukuhuku, bado linachoma nyumba nyingi. Wajerumani walitoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hesabu vizazi utaona si mbali: bibi wa bibi yako angeweza kuwa mtumwa, au mwenye watumwa. Dalili ni kama mtu asiyetajwa baba, nasaba inayoanza ghafla kwa mtu mmoja, au ukoo unaojiita kwa jina la nyumba nyingine. Usimbane mzee hapo. Akinyamaza, badilisha mazungumzo, urudi siku nyingine. Ukishajua, si lazima kila ulichojua ukitume kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Kasha, msahafu na kaburi

Omba kuonyeshwa makaratasi ya zamani. Unatafuta stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi za TANU, kadi za akiba ya wafanyakazi, hati za ndoa, barua, picha. Kadi ya TANU ina jina na tawi, na tawi ni mahali, ndicho tunachokitaka. Kwenye picha, geuza nyuma kwanza: muhuri wa studio mara nyingi hukutajia mji. Usizibandue zilizogandana na kioo cha fremu. Zipige picha zikiwa hapohapo.

Fungua msahafu wa zamani, kurasa za mwisho. Nyumba nyingi za pwani ziliandika humo siku za kuzaliwa watoto, kwa mwaka wa Hijria. Kubadili, zidisha mwaka huo kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka 1345 unakupa 1926 na ushei, na kweli ulianza katikati ya 1926. Mara nyingine utakuta Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hasa kwenye hati za kuuza shamba au minazi. Mpelekee mwalimu wa madrasa mwenye umri, maana vijana wengi wanasoma Kiarabu cha kitabuni lakini khati ya mzee wa Pangani inawashinda. Hati ya shamba hutaja majirani wa pande zote nne. Majirani hao ni nusu ya ukoo wako.

Makaburini nenda na mtu anayezika watu wa mtaa. Makaburi mengi ya Kiislamu hayana jina, yana mawe mawili au mti uliopandwa. Yule mzee ndiye kitabu chenyewe. Chora ramani: nani kalala ubavuni kwa nani. Familia huzikana pamoja, na mgeni aliyezikwa katikati ya watu wa ukoo si mgeni. Tongoni na makaburi yake ya nguzo nenda ukaone kwa faida yako, ila usitegemee kumkuta babu yako pale.

Karatasi za ofisini na za dini

Hapa nitaambatisha onyo. Usajili wa vizazi na vifo ulianza zamani kwa Wazungu na Wahindi, kwa Waafrika ukaja polepole, wilaya kwa wilaya. Kwa hiyo RITA, wakala wa serikali wa usajili huo, itakusaidia kwa wazazi wako na labda babu, basi. Na sensa, tangu ya 1948 mpaka ya 2022, inakupa idadi, haitakupa jina la mtu.

Faili ambalo watu hawalifikirii ni la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Mtu akifa akaacha nyumba, ukoo hukaa kikao, huteua msimamizi, na muhtasari wa kikao hicho hupelekwa mahakamani ukiwa na majina ya waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, na sahihi au dole gumba. Warithi nao huorodheshwa, wakiwemo watoto wa nje waliojitokeza siku hiyo kwa mara ya kwanza. Ukiwa na jina la marehemu, mwaka na mahakama, mwone karani. Katika ofisi moja niliambiwa nirudi kesho mara tatu; mara ya nne nilikwenda na barua ya mtendaji wa mtaa ikieleza mimi ni nani kwa marehemu, faili likaonekana ndani ya robo saa. Wewe anza na barua.

Kwa Wakristo, rejista za ubatizo ni hazina. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa Magila, kule Muheza, tangu karne ya 19, wakaenea mpaka Korogwe na Handeni. Walutheri walikuwa Usambara. Rejista ya ubatizo ina wazazi, kijiji na msimamizi. Ya Kikatoliki ina zaidi: mtu akifunga ndoa, hata parokia nyingine, taarifa hurudishwa na kuandikwa pembeni mwa jina lake la ubatizo. Kwa hiyo soma pambizo. Muulize paroko kwa adabu, acha sadaka, na usishike kitabu kwa mkono wenye jasho.

Nyuzi za ukoo wako zikielekea Bagamoyo, na za watu wengi wa Tanga huelekea huko kupitia Saadani na Pangani, anzia misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Mapadre walikomboa watumwa, wengi wao watoto waliotolewa bara, wakawalea na kuwabatiza katika kijiji cha uhuru. Mtu ambaye nasaba yake inaanza ghafla na jina la Kizungu miaka ya 1870 huenda alipita hapo.

Kama babu alikuwa wa mkonge

Hii ndiyo njia yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mkonge uliletwa 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga kwenda Korogwe na kuendelea, na tangu hapo mashamba yamevuta watu wa mbali: Waha na Warundi, Wangoni na Wabena, Wamakonde, Wanyakyusa. Kuanzia 1944 mashamba yalikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichowakusanya watu makwao kwa mkataba.

Uliza mambo matatu: shamba gani, kambi gani, alifanya nini. "Mkonge" peke yake haitoshi. Mtu wa Ngomeni hana habari na mtu wa Magunga. Kambi mara nyingi zilikaliwa kwa kabila, kwa hiyo jina la kambi linaweza kukuambia asili kabla hujaulizia. Mkata mkonge, mtu wa korona (mtambo wa kutoa nyuzi za mkonge), mtu wa reli ya shamba, mnyapara, kila mmoja ana wenzake. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30. Unamaliza kazi ya siku, unatiwa alama, siku 30 zikitimia ndipo mshahara. Ukikiona kwenye kasha, namba yake ni muhimu kuliko jina. Uliza pia kama ofisi ya shamba ina vitabu vya zamani. Mengi yalitaifishwa 1967 kisha yakabadili mikono, na vitabu vilitawanyika, lakini mtunza stoo anayekaribia kustaafu huwa anajua vilipo.

Baada ya hapo sikiliza vitu vidogo alivyovibeba kutoka kwao. Babu yangu hakuwahi kutaja kijiji. Alikuwa akisema kwao ukipanda mlima unaliona ziwa, na kwamba alipanda treni siku mbili kabla hajapanda lori. Alimwita mtani wake kila Mnyamwezi aliyepita. Kwa hayo matatu na kambi aliyoishi tulifika Kigoma, na Kigoma ni kubwa, lakini ni ndogo kuliko dunia.

Safari za mbali

Kumbukumbu za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Piga simu kwanza uulize masharti na ada, nenda na kitambulisho na penseli. Omba kitabu cha wilaya yako, cha wakati wa Mwingereza. Utakuta majumbe, maakida waliowasimamia, ugomvi wa mipaka na historia ya koo kama maafisa walivyosimuliwa. Mtu wa kawaida humpati kirahisi, jumbe wake unampata. Zanzibar wana hifadhi yao Kilimani, na kwa kuwa pwani yote hii ilikuwa chini ya Sultani kabla ya Wajerumani, wenye asili ya mashamba ya Pangani wana sababu ya kuvuka. Nyaraka za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin, za Waingereza ziko Kew, London. Baadhi ya zile za Berlin unaweza kuzitazama mtandaoni, ila utahitaji mtu wa kusoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani. Wapagazi wa vita vya 1914 usiwatafute sana huko. Wengi mno majina yao hayakuandikwa.

Kuhifadhi mti wako mtandaoni, FamilySearch ni ya bure na inatosha. Usiweke humo watu walio hai bila kuwaambia. Kipimo cha vinasaba mimi ningekiacha mpaka mwisho kabisa: kinakulinganisha na waliopimwa, na binamu zako wa Kasulu hawajapimwa.

Kila mwaka, Idi au arubaini ya mtu ikiwakusanya, chapa kurasa ulizonazo, zipitishe na kalamu. Watu ambao hawajibu swali hurekebisha kosa kwa furaha. Mwaka jana mke wa ami yangu alikata majina mawili na kuongeza saba kabla sahani hazijaondolewa.

Namba 4 kwenye daftari langu sasa inasomeka hivi: "Jina la kadi: si lake. Jina alilozikwa nalo: alilopewa Tanga aliposilimu. Kambi: ya pili kutoka korona. Kwao: Kigoma, mlimani, ziwa linaonekana. Jina la kitovuni: bado."

Mwezi wa saba naenda Kigoma. Nimechukua sukari.